Panga la Baba Muthoni

Mwezi uliopita Muthoni aliniletea katoni dukani. Ilikuwa imefungwa kwa kamba ya katani kama kuku anayepelekwa kwa wakwe.

"Ni vitu za mzee," alisema. "Mama anasema wewe ndiye unajua kompyuta hapa Nyeri. Angalia kama kuna kitu inaweza kufanya kazi, ingine utupe."

Baba yake alikuwa amezikwa wiki mbili kabla. Mimi sikwenda mazishini. Nilituma shada la maua, nikahakikisha ni kubwa kuliko mashada yote, kisha nikafungua duka kama siku nyingine.

Muthoni ameolewa Kutus na hana muda wa kupoteza, akaondoka. Nilipokata kamba, kabla sijaona kitu, ilinijia harufu. Ilikuwa ya plastiki iliyopata moto kutwa nzima, vumbi lililoungua juu ya kioo, na kwa mbali sweta lililokaushwa ndani ya nyumba wakati wa ukungu wa Julai. Ndani mlikuwa na kibodi mbili, nyaya zilizosokotana, na kipanya cha kompyuta chenye rangi ya maziwa yaliyochacha. Kitufe chake cha kushoto kilikuwa kimelika hadi kikafanya kishimo. Niliweka kidole changu pale. Kikaingia sawasawa.

Wanaonijua wanajua mimi si mtu wa kukaa chini saa za kazi. Nina diploma ya kompyuta niliyoipata kwa jasho langu. Nilikwenda Doha kutunza mitambo ya hoteli ndefu kuliko jengo lolote la mji huu, na wahandisi wenye digrii walikuwa wakinisubiri nifike ndipo waguse waya. Nimerudi nyumbani nikafungua duka la kompyuta lenye milango ya vioo mjini, na mama yangu analala katika nyumba ya mawe pale Gatitu. Sikubebwa na mtu. Sentensi hiyo nimeisema harusini, nimeisema kwenye vikundi vya akina mama, nimeisema mbele ya wasichana wa shule waliopangwa mistari kunisikiliza. Siwezi tena kuisema kwa sauti ileile, na nimeona afadhali niandike sababu yake kuliko kuulizwa.

Ninyi wa rika langu mnazikumbuka saiba, vile vyumba vya kulipia kompyuta kwa dakika, kabla simu hazijaingia kila mfuko. Ya Baba Muthoni ilikuwa chumba cha mbao na mabati nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, karibu na mahali malori ya mawe yanapopunguza mwendo. Kompyuta zilikuwa nne, na mashine ya fotokopi moja iliyonguruma kama ng'ombe anayetaka chumvi. Mwenyewe alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kofia ya sufu ambayo sikuwahi kumwona ameivua. Aliwaandikia watu barua za kuomba kazi na kuwachapia ratiba za mazishi. Mama yangu alikuwa akiuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, kibanda cha pili. Ili nisizurure kati ya malori nikitoka shule, Baba Muthoni aliniruhusu kukaa kwenye mashine namba nne kwa dakika kumi kila siku, kabla wateja wa jioni hawajafika. Karatasi ikiharibika kwenye fotokopi alinipa nipashe mikono, maana ilitoka na joto, na baridi ya Julai kwetu haina huruma na vidole vya mtoto.

Wateja wakipungua, alicheza chesi. Alicheza na watu wa dunia nzima ndani ya ile kompyuta, dakika tatu kwa kila mchezaji, na jina lake humo lilikuwa Mbuzi wa Chaka. Alinifundisha nikiwa darasa la tano. Kwanza alinionyesha jinsi kila kete inavyokwenda, kisha akaniambia nisahau mambo ya kujipanga.

"Uko na dakika kumi," alisema. "Ukijenga ukuta, mteja anakuja na barua yake, nakutoa, na ukuta inabaki hapo. Sisi hatujengi. Sisi tunabomoa."

Niliamini kwamba mchezo wenyewe ndivyo ulivyo. Sikujua kwamba duniani kuna watu wanaokaa saa nne mbele ya ubao, wakinywa maji na kujikuna kidevu. Kwangu chesi ilikuwa kitu cha kukimbia nacho, kama mtoto aliyetumwa chumvi na sufuria iko motoni.

Ufunguzi wetu mkuu tuliuita Panga. Unaanza kwa kumsukuma askari aliye mbele ya farasi wa upande wa mfalme, hatua mbili, bila salamu. Ni hatua mbaya. Baadaye nilisoma kwamba kila kitabu kinaikataza, kwa sababu unamfungulia adui mlango wa chumba cha mfalme wako mwenyewe. Lakini mtu mwenye dakika tatu akiiona anasita. Anajiuliza kama wewe ni mjinga au una siri.

"Hapo anafikiria," Baba Muthoni angeninong'oneza huku akichapa barua ya mtu. "Sekunde thelathini ameshatupa. Hiyo ni shamba, Wangui. Lima."

Wa pili tuliuita kwa jina lake yeye, Mbuzi wa Chaka. Alinieleza hivi: pale Chaka mwenye hoteli ya nyama hufunga mbuzi mnono kando ya barabara. Mgeni akipita na gari anatazama mbuzi, hamtazami aliyeshika kisu.

"Mpe farasi bure," alisema. "Akishughulika na kula, wewe uko mlangoni kwa mfalme."

Siku moja nilichelewa kusukuma, akaniuliza, "Unafanya nini?"

"Nafikiria."

"Ati unafikiria? Hiyo utafanya kanisani. Hapa sukuma."

Kulikuwa na mchezaji wa nchi fulani ya baridi, mbali sana, ambaye kila akimkuta Baba Muthoni aliandika chini ya ubao akiomba achezewe Panga. Akifungwa aliandika tena, akimwita bwana mkubwa. Baba Muthoni alinisomea maneno hayo, kisha akavuta kofia yake ikafunika masikio, akawa anatazama mvuke wa githeri ya mama ukipita dirishani.

"Hapa Gatitu mimi ni mtu wa fotokopi," alisema. "Huko mimi ni mtu."

Nilipofika darasa la saba nilikuwa nikimfunga mara moja katika kila michezo mitatu. Mwaka huo shule moja ya kulipia mjini ilitangaza kwamba itawasomesha bure watoto wawili hadi wamalize sekondari, mradi wawe mafundi wa chesi. Mashindano yangefanyika ndani ya kompyuta, dakika tatu kwa mtu, kila mtoto akicheza alipo: Karatina, Nanyuki, Kerugoya, popote. Mama hakuwa na namna nyingine ya kunipeleka sekondari ya bweni. Alikuwa ameshaniambia hivyo bila kuzunguka, ili nisije nikaota.

Jumamosi hiyo Baba Muthoni alifunga mlango, akabandika karatasi iliyosema SAIBA IMEFUNGWA LEO, akanipa mashine namba moja na kipanya kizuri, hiki nilicho nacho sasa. Yeye alikaa kwenye kiti cha mlangoni, mgongo kwangu, mikono mapajani. Mama alisimama dirishani na mwiko. Nilicheza michezo tisa, nikashinda tisa. Saba nilitumia Panga. Mvulana mmoja wa Nanyuki nilimmaliza kwa hatua kumi na nne, naye akaondoka bila hata kusubiri mfalme wake azikwe. Sijawahi kuwa na mikono kama ile tena. Hata Doha, mbele ya wahandisi wao, sijawahi.

Wiki iliyofuata tuliitwa shuleni, mimi, mzazi na mwenye saiba. Nilijua ni kwenda kupimwa sare. Njia nzima nilimuuliza mama kama sweta lao ni la buluu au la kijani. Alikaza mwendo. Nilidhani hajui.

Tuliingizwa katika ukumbi wenye sakafu iliyong'arishwa. Katikati palikuwa na meza, viti viwili, na kitu ambacho kwa muda sikukielewa. Kilikuwa ubao wa chesi, wa mbao, na kete za mbao zilizosimama. Mvulana mwenye tai alikuwa amekaa upande mmoja. Mwamuzi, mwalimu mmoja mwenye sauti laini, alisema, "Kaa, mtoto. Tunataka tu tuone ukicheza kidogo."

Niseme jambo ambalo hakuna mtu katika ukumbi ule aliyelifikiria, na mimi mwenyewe sikuwa na maneno ya kulisema. Sikuwa nimewahi kuona chesi ya kushikwa. Chesi niliyoijua ilisimama mbele ya uso kama ukuta, kete zake ni bapa, kila moja naiona. Hii ilikuwa imelala. Kete za nyuma zilijificha nyuma ya za mbele. Kwenye kompyuta ukigusa kete, vidoti vinakuonyesha inakoweza kwenda, na hatua ya adui inawaka rangi. Hapa hakuna kilichowaka. Askofu wao wa mbao, nilipomtazama toka pembeni, alikuwa askari aliyenenepa.

Nilisukuma Panga. Mvulana akatabasamu, akacheza, akagonga saa iliyokuwa kando ya ubao. Sikujua ile saa ni ya nini. Kwenye kompyuta saa hujigeuza yenyewe. Nikacheza, nikakaa, na dakika zangu zikaendelea kutiririka huku yeye akinitazama tu amekunja mikono. Hakuna aliyeniambia. Nilipogutuka nikaanza kukimbia. Nikanyoosha mkono kucheza kabla yeye hajacheza, kwa sababu kwenye kompyuta tulikuwa tukiagiza hatua mapema. Mwamuzi akasema, "Subiri zamu yako." Nikashika kete niliyodhani ni askari, nikaona sivyo, nikairudisha.

"Ukishika umecheza," mwamuzi alisema.

"Sikutaka hiyo."

"Ndiyo sheria. Lazima uisogeze."

Nilikuwa nimeshika askofu. Nikampoteza bure. Baada ya hapo nilimrusha farasi mahali asipoweza kwenda, na mzazi mmoja aliyekuwa amekaa nyuma akacheka. Mvulana wa tai alinimaliza bila jasho.

"Huyu mtoto hajui hata farasi anaendaje," alisema mwalimu mwingine.

Mwamuzi alimgeukia mama. "Hatusemi mtoto wako ni mwizi, mama. Lakini aliyecheza Jumamosi si huyu. Kama alichezewa na programu ya mashine na alijua, itabidi tuandikie shule yake, na mwalimu mkuu ataiweka kwenye faili yake. Hakuna sekondari itakayomchukua na barua kama hiyo. Kama ni mtu mzima alikuwa anacheza badala yake, basi mtoto ametumiwa tu, na mambo yataishia kwa huyo mtu mzima."

Mama aliinama, akamnong'oneza Baba Muthoni kwa Kikuyu. Maneno sikuyasikia. Nilimwona akivua kofia. Alikuwa na upara, jambo ambalo sikulijua. Akasimama.

"Ni mimi," alisema. "Nilikuwa nacheza mimi. Mtoto alikuwa amekaa tu hapo mbele ya mashine."

"Unadanganya," nilisema. "Baba Muthoni, unadanganya. Ulikuwa umekaa mlangoni."

Hakunitazama. Alipewa karatasi, akaandika, akatia sahihi, na wakamwambia aandike pia jina lake la kwenye mchezo, ili wawapelekee wenye mtandao wa chesi. Nilimwona akiliandika polepole.

Tulirudi Gatitu kwa miguu. Mama alinishika mkono kwa nguvu, Baba Muthoni akawa nyuma yetu hatua kama ishirini, kofia ikiwa bado mkononi ingawa manyunyu yalikuwa yameanza. Kichwani mwangu jambo lilikuwa wazi. Michezo yangu tisa ilikuwa ya thamani, na mtu mzima alikuwa ameiona thamani yake akaichukua. Nilimgeukia barabarani, watu wakisikia, nikamwambia, "Wewe ni mtu wa fotokopi tu."

Akasema, "Haya, Wangui."

Sikuingia saiba ile tena. Nilisoma sekondari ya kutwa, viatu vikiwa vimeshonwa kwa waya, nikawapita waliokwenda bweni. Nilichagua kompyuta ili mtu asije akadai tena kwamba alikaa mahali pangu. Kila mtihani niliufanya nikiuona ule upara mbele yangu, na kila cheti nilichopata nilikuwa namwonyesha yeye bila yeye kujua. Mwaka niliorudi kutoka Doha nilimkuta amesimama kando ya barabara, saiba imekufa zamani, pale pakiwa mahali pa kuuzia kuku wa kukaanga. Nilipunguza mwendo wa gari ili aone vizuri ni nani anayeliendesha.

Aliinua kofia kidogo. "Bado unasukuma?" aliuliza.

"Mimi si mtu wa michezo," nilimjibu, nikapandisha kioo.

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwisho.

Sasa nirudi kwenye katoni. Nilichomeka kipanya kwenye kompyuta ya dukani, kikawaka. Nikaingia kwenye ule mtandao wa chesi, nikatafuta Mbuzi wa Chaka. Miaka yote nilikuwa na hakika kwamba aliendelea kucheza na kusifiwa, na ushindi wangu mfukoni. Ukurasa wake ulikuwepo. Juu yake palikuwa na tangazo jekundu kwamba akaunti ilifungwa kwa kuvunja sheria za mchezo wa haki. Mchezo wa mwisho ulikuwa wa wiki ileile tuliyokwenda ukumbini. Chini kabisa, yule mtu wa nchi ya baridi alikuwa ameandika miezi kadhaa baadaye, akiuliza bwana mkubwa yuko wapi, na mtu mwingine akamjibu kwamba alikuwa mwizi.

Nilifunga duka mchana. Nilimkuta mama sebuleni akichambua maharagwe.

"Mama, waliifunga akaunti ya Baba Muthoni."

"Ndiyo."

"Kumbe ulijua?"

Alitoa kijiwe kwenye maharagwe, akakitazama, akakiweka kando. "Ni mimi nilimwomba. Pale ukumbini. Nilimwambia, wewe maisha yako umeshaiona, ya huyu haijaanza. Sikumwambia kitu ingine. Akatoa kofia."

"Na mbona hukuniambia?"

"Nilitaka. Nikaona vile ulikuwa unasoma. Ulikuwa unasoma kama mtu anapigana. Nikasema, hii hasira ndiyo karo ya huyu mtoto. Nikiitoa, nitamsomesha na nini?"

"Nilikuwa namtukana, mama. Hadi juzi nilikuwa namtukana moyoni."

"Alijua. Nilienda kwake ulipoingia sekondari, nikamwambia nataka kukuambia ukweli. Alikataa. Alisema, mwache anichukie, si unaona anaenda mbio."

Aliendelea kuchambua. Nilisubiri aombe msamaha, kisha nikaelewa kwamba hana la kuombea msamaha. Alikuwa ametoa alichokuwa nacho karibu, na kilikuwa jina la mtu mwingine. Mimi ndiye niliyelila kama farasi wa bure, bila kutazama.

Jioni ile nilirudi dukani. Kwenye ule mtandao kuna fomu ya rufaa. Swali la kwanza linauliza kama wewe ndiye mwenye akaunti. Nilibonyeza ndiyo. Niliandika kwa ustadi wangu wote wa diploma kwamba sikumsaidia mtoto, kwamba mtoto alicheza mwenyewe michezo yote tisa, kwamba nilikiri uongo ili kumlinda, kwamba michezo yenyewe wanayo na wanaweza kuipima. Niliandika kama yeye, nikajaribu kuandika kwa upole wake, na sikuuweza vizuri.

Jibu lilikuja siku ya tatu. Walinishukuru kwa kuwaandikia. Walisema rufaa haiwezi kupokelewa kwa sababu mwenye akaunti alikwisha kukiri kwa maandishi, na wakaambatisha picha ya ile karatasi.

Niliifungua. Mwandiko ni ule wa barua za kuomba kazi, ulionyooka, usio na kosa. Jina lake kamili, Mbuzi wa Chaka, sahihi. Na chini ya sahihi, mahali ambapo hakuna aliyemwomba aandike kitu, alikuwa ameongeza mstari mmoja: Huyu mtoto apewe nafasi nyingine, mikono yake ni mizuri kuliko yangu.

Nilipiga fotokopi moja. Mashine yangu ni kubwa na ya kisasa, haingurumi. Karatasi ikatoka, nikaishika kwa mikono miwili, nikakaa nayo hadi joto lake likaisha.